Mwili Una Saa Yake, na Mifupa Huifuata

Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo. Yamechapwa hapa ili yasomwe nyumbani na katika vikundi.

 

Leo tutazungumza juu ya saa. Sisemi saa ya mkononi, wala ya ukutani, wala ile iliyomo katika simu. Nasema saa iliyo ndani ya mwili. Kila mmoja wetu anayo. Tutaona jinsi saa hiyo inavyohusu mifupa: jinsi mifupa ya watoto inavyokua, jinsi mifupa ya wakubwa inavyotengenezwa upya, na kwa nini dawa nyingine zina wakati wake wa kunywewa.

Mtaniuliza, "Mwalimu, sisi wakulima tuna haja gani na habari hizo?" Haja ipo. Mkulima hulima kwa mikono, hubeba kwa kichwa na mgongo, na huenda shambani kwa miguu. Mifupa ikiwa mibovu, jembe hukaa ndani. Tena tuna watoto. Mtoto ana miaka michache tu ya kukua. Miaka hiyo ikipita hairudi. Samaki mkunje angali mbichi.

SAA ILIYO NDANI YA MWILI

Tuanze na jogoo. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko. Wengi tunadhani ameona mwanga mdogo ambao sisi hatujauona. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, huko Japani, waliwaweka majogoo ndani ya chumba chenye mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku. Majogoo wale waliendelea kuwika karibu na wakati ule ule wa alfajiri. Hawakuona jua. Nani basi aliwaambia kwamba kunakaribia kucha? Ni saa ya ndani ya miili yao.

Mimea nayo ina saa. Mnaujua mmea wa kifauongo, ule unaokunja majani ukiuguswa. Usiku pia hukunja majani, na asubuhi huyafungua. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka mmea wa jamii hiyo mahali penye giza mchana kutwa. Mmea ule uliendelea kufungua majani mchana na kuyafunga usiku, ingawa haukuona jua.

Na binadamu je? Sisi pia tuna saa hiyo. Saa kubwa imo katika ubongo, nyuma ya macho. Ni kijisehemu kidogo sana. Macho yanapoona mwanga wa asubuhi, hupeleka habari huko, na saa hurekebishwa. Kisha ubongo huuambia mwili: sasa amka, sasa pata njaa, sasa poa, sasa lala. Zaidi ya hiyo, chembe hai za ini, za moyo, za misuli na za mifupa zina saa zao ndogo. Saa kubwa ni kama mwenyekiti wa kijiji. Saa ndogo ni kama mabalozi wa nyumba kumi. Mwenyekiti akipiga mbiu, mabalozi wanafuata.

Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Waliichunguza katika nzi wadogo, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva sana. Mnaona? Nzi tunayemfukuza jikoni alitoa elimu kubwa.

MFUPA NI KITU HAI

Wengi wetu tunaujua mfupa uliokauka, ule anaoutafuna mbwa. Kwa hiyo tunadhani mfupa ni kama jiwe au kipande cha mti. Sivyo. Mfupa ulio ndani ya mwili ni kitu hai. Una damu, una chembe hai, na kila siku unafanyiwa kazi.

Fikirini nyumba ya udongo. Mvua ikinyesha, ukuta huchimbika. Mwenye nyumba hodari hukwangua udongo uliochoka, kisha hukandika udongo mpya. Ndivyo ulivyo mfupa. Ndani yake wamo mafundi wa aina mbili. Wako wabomoaji, wanaoondoa mfupa uliochoka. Wako wajenzi, wanaoweka mfupa mpya. Mtu akiwa kijana, wajenzi huwashinda wabomoaji, na mfupa huongezeka. Hali hiyo huendelea mpaka karibu na miaka 25 au 30. Baadaye hulingana. Uzeeni, na hasa kwa akina mama waliokoma hedhi, wabomoaji huwashinda wajenzi, na mfupa huwa mwepesi. Ndiyo maana bibi akiteleza kidogo tu anavunjika nyonga.

Mafundi hawa nao wanafuata saa. Damu ya mtu ikipimwa kila baada ya muda, mchana na usiku, huonekana kwamba kazi ya kubomoa huongezeka usiku wa manane kuelekea alfajiri, na hupungua mchana. Chakula pia huipunguza. Kwa sababu hiyo, hospitali ikitaka kupima kazi hiyo kwa damu, mgonjwa huambiwa aje asubuhi kabla ya kula. Akija siku moja asubuhi na siku nyingine jioni, majibu hayawezi kulinganishwa.

Msiogope neno "kubomoa". Bila kubomoa kilichochoka hakuna kutengeneza. Ubaya huja pale ambapo kubomoa kunaendelea na kujenga kunarudi nyuma. Hilo linaweza kuletwa na usingizi mbovu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza habari za wanaume 10 waliolala muda mfupi, tena kwa nyakati zilizovurugika, kwa wiki 3. Alama ya ujenzi wa mfupa katika damu yao ilipungua. Alama ya ubomoaji haikupungua. Na mwaka 2009 ulitolewa uchunguzi wa wauguzi wengi wa kike wa Marekani. Wale waliofanya kazi za zamu za usiku kwa miaka 20 au zaidi walivunjika nyonga na vifundo vya mikono zaidi kuliko wenzao wasiofanya zamu hizo.

KONDOO WALITUFUNDISHA NINI?

Sasa tuje kwa watoto. Mfupa wa mtoto hurefuka wapi? Haurefuki katikati. Hurefuka karibu na ncha zake, mahali penye gegedu. Gegedu ni kitu kigumu kiasi lakini chenye kunesa, kama kile kilichomo ndani ya sikio lako. Shika sikio ulikunje, utaelewa. Gegedu la mfupa huongezeka, kisha hugeuka kuwa mfupa. Kazi hiyo ikiisha, kijana harefuki tena.

Watafiti wa Marekani walitaka kujua gegedu hufanya kazi hiyo saa ngapi. Waliwachukua wana-kondoo, wakawawekea vipimo vidogo sana katika mfupa wa muundi. Vipimo vile viliandika urefu wa mfupa kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, huku wanyama wakiangaliwa kama wamesimama, wanatembea au wamelala. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Waliona kwamba sehemu 90 au zaidi katika kila 100 za kurefuka kwa mfupa zilitokea wakati kondoo amelala chini. Akiwa amesimama au anatembea, mfupa karibu haukurefuka kabisa.

Kwa nini? Mnyama akisimama, uzito wa mwili hulikandamiza gegedu. Akilala, mzigo huondoka, na gegedu hupata nafasi. Ni kama godoro la sufi. Ukilikalia hubonyea. Ukiondoka huinuka.

Mtoto si kondoo, hilo ni kweli. Lakini mifupa yake nayo hurefuka kwa gegedu. Tena kwa binadamu liko jambo la pili. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo inayotoa homoni ya kukua. Homoni hii haitoki sawasawa kutwa nzima. Fungu kubwa hutoka usiku, mara baada ya mtu kuingia katika usingizi mzito. Basi mtoto aliyelala vizuri anapata mambo mawili: mifupa imetua mzigo, na homoni ya kukua inatoka kwa wingi.

TUFANYE HESABU

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anatakiwa kulala muda wa saa 9 hadi 12 kila siku. Wa miaka 13 hadi 18 anatakiwa kulala muda wa saa 8 hadi 10. Mtoto wa miaka 3 au 4 anatakiwa kulala muda wa saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana.

Sasa chukueni daftari. Yupo msichana wa miaka 10. Jioni anaosha vyombo, anambembeleza mdogo wake, anasoma kidogo kwa taa. Analala saa 5 usiku. Saa 10 alfajiri anaamshwa kwenda kisimani. Amelala muda gani? Kutoka saa 5 mpaka saa 10 ni muda wa saa 5. Anatakiwa apate 9 kwa uchache. Amekosa 4. Kwa wiki moja, 4 mara 7 ni 28. Kila wiki msichana huyu anadaiwa usingizi wa zaidi ya siku nzima.

Na kaka yake? Yeye hakuosha vyombo. Alikuwa kwenye kibanda cha video, au alijifunika shuka na simu. Naye amelala saa 5. Tofauti ni kwamba yeye haendi kisimani.

Sisemi watoto wasifanye kazi. Mtoto asiyefunzwa kazi ni hasara. Lakini tupange. Maji yachotwe jioni na watoto wote, wa kike na wa kiume. Vyombo vioshwe kabla ya giza. Mtoto akilala saa 2 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, amepata muda wa saa 9. Hilo linawezekana bila kununua kitu chochote. Na mtoto mdogo akisinzia mchana, msimwamshe kwa kusema ni mvivu. Anajenga mifupa.

Lakini tusije tukadanganyana. Usingizi peke yake haumrefushi mtu. Urefu hutokana pia na wazazi wake, chakula chake na magonjwa aliyougua. Mwaka 2022 ilipimwa hali ya watoto nchini Tanzania, na ikaonekana kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Hao hawakudumaa kwa kukosa usingizi tu. Walikosa chakula bora, na waliugua mara kwa mara. Mjenzi hata akiwa na muda mwingi, bila udongo hajengi. Udongo wa mifupa ni madini ya chokaa, ambayo wataalamu huyaita kalsiamu. Hupatikana katika maziwa na katika dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Mboga za majani nazo huongeza kiasi. Mwili huhitaji pia maharage, mayai au samaki. Ili madini yale yaingie mwilini inatakiwa vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Mtoto anayefungiwa ndani au kufunikwa nguo kutwa nzima anaweza kupata matege. Ndugu zetu wenye ualbino wao wajikinge na jua, kwa sababu ngozi yao huungua upesi.

JARIBIO LA MWIMO WA MLANGO

Liko jaribio ambalo kila nyumba inaweza kulifanya. Asubuhi, mara baada ya kuamka, simama umegusa mwimo wa mlango, visigino chini, macho mbele. Mwenzako aweke alama kwa mkaa juu ya kichwa chako. Jioni, baada ya kazi, rudieni. Mtakuta alama ya jioni iko chini kidogo. Tofauti huwa kama sentimita 1, au zaidi kidogo.

Je, mifupa imefupika? Hapana. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna vipande laini kama mito. Mchana kutwa mito hiyo inakandamizwa. Usiku inajaa tena. Funzo ni hili: ukipima urefu wa mtoto ili ujue kama anakua, mpime saa ile ile kila mara. Ukimpima mwezi huu asubuhi na mwezi ujao jioni, utadhani hakui, kumbe anakua.

MAUMIVU YA MIGUU USIKU

Wazazi wengi huniuliza juu ya watoto wanaolia miguu usiku. Mzee mmoja alisema, "Ni kawaida, mtoto anakua." Jirani yake akasema, "Hapana, amerogwa." Ukweli ni upi?

Wako watoto wengi wanaopata maumivu ya miguu jioni au usiku bila kuwa na ugonjwa mbaya. Dalili zake ni hizi. Huuma miguu yote miwili. Huuma kwenye misuli ya mapaja na ya chini ya goti. Ukimkanda polepole hupata nafuu. Asubuhi mtoto anaamka mzima na anacheza.

Lakini ziko dalili za hatari. Mguu mmoja tu unauma, mahali pale pale. Pamevimba au pana joto. Mtoto ana homa. Anachechemea mchana. Anakonda. Ukiona hata moja, usiseme anakua. Inawezekana ni usaha ndani ya mfupa, au kifua kikuu cha mifupa, au ugonjwa wa seli mundu, au jambo jingine. Mpeleke zahanati upesi.

Hapa ndipo kisomo kinapofaa. Mama mmoja, mhitimu wa kisomo, alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 9. Mtoto alianza kulia mguu usiku. Bibi yake alisema anakua. Mama hakubishana na mkwewe. Alichukua daftari la zamani akaandika:

Jumatatu, saa 3 usiku. Mguu wa kulia, chini ya goti. Amelia.
Jumanne, saa 4 usiku. Mguu wa kulia, pale pale. Asubuhi anachechemea.
Jumatano, saa 8 mchana. Mguu wa kulia, pale pale. Pana joto. Ana homa.

Aliposoma mistari ile mitatu, yeye mwenyewe aliona jambo. Mguu ni ule ule, mahali ni pale pale, na maumivu yametoka usiku yakaingia mchana. Hakungoja Alhamisi. Alimpakia mtoto kwenye baiskeli ya shemeji yake, akafika zahanati na daftari mkononi. Mganga alisoma, akampima, akawapeleka hospitali siku ile ile. Mfupa ulikuwa umeingia usaha. Alitibiwa kwa wiki nyingi. Leo mtoto huyo anakwenda shule kwa miguu yake miwili. Bibi yake ndiye anayewaambia wengine wanunue daftari.

Na watu wazima nanyi andikeni. Yako maumivu ya viungo yanayobana zaidi asubuhi, na kulegea kadiri siku inavyokwenda. Mtu hawezi kukunja vidole kwa muda mrefu, hata saa nzima. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa viungo wenye uvimbe, kwa sababu vitu vinavyoleta uvimbe huongezeka katika damu usiku kuelekea alfajiri. Yako maumivu mengine yanayozidi jioni baada ya kazi, hasa kwenye magoti ya wazee. Hayo mara nyingi ni ya viungo vilivyolika. Wote tunasema "baridi yabisi", lakini ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbali mbali. Mganga atayatofautisha vizuri ukimwambia saa.

WAKATI WA KUNYWA DAWA

Siku hizi mnaweza kusoma bahasha ya dawa. Ikiandikwa 1 x 3, maana yake kidonge 1, mara 3 kwa siku. Yaani kila baada ya muda wa saa 8. Si kunywa vidonge 3 pamoja ili ugonjwa uondoke upesi.

Dawa nyingine hufuata saa ya mwili. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni prednisoloni. Hutolewa kwa magonjwa kadhaa, kama pumu na yale ya viungo. Mara nyingi mgonjwa huambiwa ainywe asubuhi pamoja na chakula. Sababu ni hii: mwili wenyewe hutengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo, na huitoa kwa wingi alfajiri na asubuhi. Dawa ikinywewa asubuhi hufuata njia ya mwili. Ikinywewa usiku huweza kuuondoa usingizi. Sikilizeni vizuri hapa: dawa za jamii hii zikinywewa muda mrefu huudhoofisha mfupa. Wapo wanaozinunua kiholela ili wanenepe. Hao wanauza mifupa yao. Na aliyeandikiwa kwa muda mrefu asiache ghafla. Amwone mganga kwanza.

Ya pili ni alendroneti, dawa ya wazee ambao mifupa yao imekuwa myepesi. Hunywewa asubuhi kabla ya kula, kwa maji matupu bilauri nzima. Kisha mgonjwa hukaa wima au husimama kwa dakika 30 kabla ya kula. Akiinywa na chai ya maziwa, dawa karibu yote hupotea. Akilala mara baada ya kuinywa, inaweza kumchubua koo la chakula.

Ya tatu ni dawa za kutuliza maumivu na uvimbe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walieleza habari za panya waliovunjika mfupa wa mguu. Panya waliopewa dawa hiyo wakati wao wa kuwa macho walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa wakati wao wa kupumzika. Panya yuko macho usiku, kama mnavyomsikia darini. Kwa binadamu wakati huo ni mchana. Habari hii inatia matumaini, lakini haijawa amri ya hospitali. Usibadilishe saa za dawa yako kwa sababu ya panya. Fuata ulivyoandikiwa, na kama una swali uliza.

MFUPA UKIVUNJIKA

Ikiwa mtu amevunjika, usimkande wala usimvute. Funga kipande cha ubao au miti iliyonyooka kando ya mguu au mkono ili usicheze, kisha mpeleke hospitali. Usikaze kamba mpaka vidole vikafa ganzi au kuwa baridi, kwa maana kiungo chaweza kuoza. Kwa mtoto kuna hatari nyingine. Akivunjika karibu na kiungo, huenda gegedu lake la kukua limeumia. Lisipotibiwa vizuri, mguu mmoja unaweza kubaki mfupi au ukapinda.

Kisha mpeni mgonjwa muda. Mkono wa mtoto huunga kwa wiki chache. Muundi wa mtu mzima huweza kuchukua miezi 3 au 4, au zaidi. Katika muda huo ale vizuri, asivute sigara, na alale usiku. Wageni wa kumtazama waje mchana. Mambo ya kukaa naye wakipiga soga mpaka saa 6 usiku, huku redio inalia, ni upendo unaochelewesha kupona.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mwili una saa. Pata mwanga wa asubuhi, lala saa ile ile kila usiku, mahali penye giza na utulivu. Mlinzi wa usiku alale mchana katika chumba chenye giza.
2. Mtoto hurefuka akiwa amelala. Mpe usingizi wa kutosha, pamoja na chakula na jua.
3. Pima urefu wa mtoto saa ile ile kila mara.
4. Maumivu ya mguu mmoja, uvimbe, homa au kuchechemea si kukua. Nenda zahanati.
5. Andika siku, saa na mahali panapouma. Kukiwa na homa, usingoje kujaza daftari.
6. Kunywa dawa kwa saa uliyoandikiwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Watoto wa nyumba yako hulala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Fanya hesabu.
2. Ni nani anayekosa usingizi zaidi, wa kike au wa kiume? Kwa nini?
3. Ni kazi gani za alfajiri zinazoweza kufanywa jioni?
4. Ni nani katika kikundi anayeweza kuwasaidia wasiojua kusoma kuandika daftari la maumivu?

Wazee mtakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Vikundi vilikaa, vikasikiliza redio, vikasoma, kisha vikaenda kuchimba vyoo. Hawakuishia kwenye maneno. Nasi tusiishie hapa. Leo jioni kila mmoja aandike katika daftari saa ambayo watoto wake wamelala. Kesho aandike saa walipoamka. Wiki ijayo tuje na madaftari hayo, tuyasome pamoja.

 Kazi njema, na usingizi mwema.